Pirit: Maneno ya Kinga Katika Desturi za Wabuddha wa Sri Lanka

Kila taifa lina maneno yake ya kujikinga. Mtu atokapo kwenda safari, mtoto azaliwapo, nyumba mpya iingiwapo, maradhi yaingiapo mjini, hakuna watu wanyamazao kimya. Hutamka neno, wakaliita sala, au dua, au azima, au zindiko, kwa kadiri ya imani yao. Katika makala hii twataka kueleza habari za maneno ya kinga yasomwayo na Wabuddha, hasa wale wa kisiwa cha Sri Lanka, ambacho hata mwaka 1972 kilijulikana kwa jina la Seiloni. Watu hawa si wageni kabisa kwetu, maana hata Dar es Salaam kuna hekalu lao, lililoanzishwa na watu wa Seiloni waliokuja kufanya kazi mapema katika karne ya ishirini.

Twaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi waliotaja desturi hii wameimaliza kwa neno moja, wakasema ni hirizi tu au ni uganga tu. Nasi twaona ya kuwa neno hilo halitoshi. Ya pili, kila afundishaye watu maneno matakatifu hana budi kujiuliza swali ambalo Wabuddha wamejiuliza kwa muda wa miaka kama elfu mbili: je, neno humfaa mtu kwa kutamkwa, au kwa kufahamiwa, au kwa kutendwa? Watoto wetu darasani hukariri mengi wasiyoyaelewa. Yafaa tuone wenzetu wa mbali wamelijibuje swali hili.

I. Jina lenyewe

Kipali ni lugha ya vitabu vitakatifu vya Wabuddha wa Sri Lanka, Myanmar (iliyoitwa Burma), Thailand, Kambodia na Laos. Katika lugha hiyo maneno ya kinga huitwa paritta. Wasinhala, ndio wenyeji walio wengi wa Sri Lanka, wamelifupisha jina likawa pirit. Wenye elimu ya lugha hulichambua hivi: sehemu ya kwanza, pari, maana yake ni kuzunguka pande zote, na sehemu ya pili ni shina lenye maana ya kulinda na kuokoa. Basi paritta ni ulinzi uzungukao, kama boma lizungukavyo mji.

Tukitafuta neno la Kiswahili la kulifasiri, tutaona mengi yaliyo karibu, wala hakuna lililo sawasawa. Hirizi ni kitu kilichoandikwa kikavaliwa, lakini pirit asili yake ni sauti. Kago huwekwa shambani ili limdhuru mwizi, na pirit haimtakii mtu madhara. Fingo huzikwa ardhini kulinda mji, na hapo pana kufanana kidogo, kwa maana pirit nayo husomwa kwa kuzunguka mji. Lakini fingo hukaa mahali pake mwenyewe akilala, na pirit haina nguvu pasipo msomaji. Kombe ni maandishi yaliyooshwa kwa maji yakanywewa. Na Wabuddha wanayo maji yao, kama tutakavyoeleza, ila maji hayo hayakuosha wino, yamesikilizishwa maneno tu. Uradi hukaribia zaidi, kwa kuwa ni maneno yasomwayo tena na tena, lakini huo ni ibada ya mtu kwa Mungu wake, na Wabuddha hawasomi pirit kumwomba Buddha awalinde, maana husema ya kuwa amekwisha kuondoka katika mambo yote ya kuzaliwa na kufa.

Sisi tumechagua neno kinga. Mtu hukinga jua kwa mkono, hukinga pigo kwa ngao. Walakini tusisahau ya kuwa kukinga kuna maana ya pili: mvua inyeshapo, mama huweka chombo chini ya paa akakinga maji. Tutaona baadaye ya kuwa maana hizi mbili, kuzuia na kupokea, zote zimo katika jambo hili.

II. Yaliyokatazwa na yaliyoruhusiwa

Buddha alifundisha katika India ya kaskazini yapata karne ya tano kabla ya Kristo. Katika hotuba iliyowekwa mwanzo wa mkusanyo wa hotuba ndefu, iitwayo Brahmajala, zimehesabiwa kazi nyingi za watu waliojipatia riziki kwa kutabiri, kupiga ramli, kusoma alama za mwili, kufanya azima na kutoa hirizi; nazo zote zimeitwa elimu duni, ambazo mtawa apaswa kujiepusha nazo. Mtu akisoma hapo tu atasema, Buddha amekata shauri: hakuna maneno ya kinga.

Lakini katika vitabu vya sheria za watawa imo habari ya mtawa mmoja aliyeumwa na nyoka akafa. Wenzake walipompasha Buddha habari, aliwaambia ya kuwa mtawa yule hakuzienezea upendo jamaa nne za kifalme za nyoka. Kisha akawaruhusu kujikinga kwa maneno ya kuzitakia heri jamaa hizo, na wanyama wote, wasio na miguu, na wenye miguu miwili, na wenye minne, na wenye mingi. Maneno hayo huitwa Khandha Paritta.

Twaomba msomaji aangalie tofauti iliyopo hapa. Mganga wa nyoka humfunga nyoka, humtisha, humwamuru. Hapa mtawa hamwamuru nyoka, anajifunga mwenyewe asimchukie. Mlango ulioachwa wazi katika sheria ni mwembamba, na kizingiti chake ni upendo. Ndani ya mlango huo zimepita kinga nyingine zote.

III. Yaliyomo ndani ya maneno

Kitabu cha pirit chenye kutumika Sri Lanka ni mkusanyo wa hotuba na tenzi fupi, nyingi zimetolewa katika vitabu vya zamani. Hatuwezi kuzitaja zote. Tutachagua zile zenye maana kubwa.

Tatu za kwanza huitwa pirit kuu. Ya kwanza ni Mangala Sutta. Neno mangala maana yake ni jambo la heri, fali njema. Wafasiri wa zamani wasimulia ya kuwa watu walibishana miaka kumi na miwili juu ya fali: wengine walisema heri hutokana na kitu ukionacho asubuhi, kama vile mtu aonavyo ndege njema akafurahi, wengine kwamba hutokana na sauti uisikiayo, wengine kwamba ni kitu ukigusacho au ukionjacho. Mungu mmoja akamwendea Buddha usiku kumwuliza. Naye akajibu kwa kutaja mambo ya heri thelathini na manane, wala ndani yake hamna ndege, wala sauti, wala ndoto. Heri ni kutoandamana na wapumbavu, ni kuwatunza mama na baba, ni kujifunza kazi ya mikono vizuri, ni kusema maneno mema, ni kuvumilia, ni kuwa na moyo usiotikisika. Jina la fali limeachwa palepale, lakini kilichomo kimebadilishwa chote.

Ya pili ni Ratana Sutta, yaani hotuba ya vito. Masimulizi yake ni ya mji wa Vesali, ulioingiliwa na ukame, kisha njaa, kisha pepo wabaya waliofuata harufu ya mizoga, kisha tauni. Wakuu wa mji wakamwita Buddha. Alipotia mguu katika nchi yao mvua kubwa ikanyesha ikasafisha njia. Akamfundisha mwanafunzi wake Ananda maneno hayo, naye akauzunguka mji usiku akiyasoma na kunyunyiza maji kutoka katika bakuli la Buddha. Maneno yenyewe husifu vito vitatu, yaani Buddha, mafundisho yake, na jamii ya watawa. Na kila mara hurudia ya kuwa, kwa kuwa neno hili ni kweli, watu wawe salama.

Ya tatu ni Metta Sutta, hotuba ya upendo. Yasemekana watawa waliokwenda kukaa mwituni walisumbuliwa na mizimu ya miti, wakakimbia. Buddha aliwarudisha palepale, wala hakuwapa silaha ila maneno ya kuwatakia mema viumbe vyote, kama mama amlindavyo mwana wake wa pekee hata kwa uhai wake. Mizimu ikawa rafiki zao.

Katika habari ya Ratana Sutta tumekwisha gusa shina la nguvu ya pirit kama wanavyoielewa wenyewe. Huliita tendo la kweli: mtu husema jambo lililo kweli kabisa juu yake mwenyewe au juu ya mafundisho, na kweli hiyo ndiyo imlindayo. Mfano mmoja ni wa kinda la kwale. Moto wa mwitu ulikuja, wazazi wake wakaruka. Kinda akasema ya kuwa ana mbawa lakini hazijui kuruka, ana miguu lakini haijui kwenda, na mama na baba wamemwacha. Hayo yalikuwa kweli tupu. Na moto, wasema, ukarudi nyuma. Hadithi hii husomwa kukinga nyumba na moto.

Mfano mkubwa kuliko huo ni wa Angulimala. Mtu huyu alikuwa mnyang'anyi aliyeua watu wengi na kuvaa vidole vyao kama ushanga. Akaongoka, akawa mtawa. Siku moja, akipita na bakuli lake la kuomba chakula, alimwona mwanamke katika utungu mzito. Akamwonea huruma akamwambia Buddha. Buddha akamwagiza aende amwambie ya kuwa tangu azaliwe hakuua kiumbe kwa kusudi, na kwa kweli hiyo mama na mtoto wapone. Angulimala akasita: huo si ungekuwa uongo? Ndipo alipoambiwa aseme, tangu azaliwe kwa uzazi ule wa pili, ulio bora. Akasema hivyo, na mama akajifungua salama. Hata leo maneno haya husomewa wanawake wajawazito. Twaona ajabu ya kuwa kinga ya mama na mtoto imewekwa kinywani mwa mwuaji. Na ya kuwa haikuweza kutamkwa hata maneno yarekebishwe kidogo, yawe kweli.

Kuna tena habari ya tausi wa dhahabu, aliyesoma maneno ya kujikinga kila jua lichapo na kila jua lituapo, hata wawindaji wa wafalme sita wakashindwa kumkamata. Mwindaji wa mfalme wa saba akaleta tausi jike. Tausi aliposikia sauti yake, akasahau kusoma, mguu ukaingia tanzini. Hapo fundisho laonekana bila mfasiri: maneno hayakupungua nguvu, msomaji ndiye aliyeyaacha.

Mwisho tutaje Atanatiya, ambayo ni ya namna nyingine. Humo wafalme wanne wa pande nne za dunia, watawala wa pepo, wanatoa kinga wao wenyewe, na majina ya wakuu wa pepo yanahesabiwa ili waitwe kama pepo mdogo akivunja amri. Kitabu cha ufafanuzi kilichopokewa kwa jina la Buddhaghosa, mwanachuoni wa karne ya tano, chashauri isisomwe upesi. Kwanza zisomwe kinga za upendo na nyinginezo, na pepo asipotoka katika siku saba, ndipo isomwe hii. Ndivyo hata ndani ya kitabu kimoja upendo umetangulizwa mbele ya amri.

IV. Usiku wa pirit

Pirit yaweza kusomwa kwa saa moja tu, na mtawa mmoja nyumbani mwa mgonjwa. Lakini iliyo kamili ni ya usiku kucha, na kubwa zaidi ni ya siku saba, mchana na usiku bila kukoma.

Katika pirit ya usiku kucha hujengwa kibanda ndani ya nyumba au ukumbi, kwa mbao na vitambaa vyeupe na karatasi zilizokatwa kwa ustadi, na juu hutundikwa majani mabichi ya tambuu na matawi machanga. Mlangoni huwekwa mitungi yenye maua ya mnazi, na taa za mafuta ya nazi. Ndani huwekwa meza, na juu yake vitu vitatu: kijisanduku cha masalio ya Buddha, kitabu cha pirit, mara nyingi kilichoandikwa juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mivumo, na mtungi wa maji. Masalio na kitabu huletwa kutoka hekaluni kwa maandamano na ngoma, vimechukuliwa kichwani chini ya kitambaa cheupe.

Kisha huja uzi. Uzi mweupe wa pamba hufungwa kwenye mtungi na kuzungushwa kibandani, watawa wakaushika mikononi wakiwa wameketi kwa duara. Nao huendelea kutoka nje hata mikononi mwa watu walioketi mikekani, mzee kwa mtoto. Hivyo neno lililo na maana ya kuzunguka pande zote huonekana kwa macho.

Kiasi cha saa tatu za usiku watawa wote husoma pamoja pirit kuu tatu. Baada ya hayo wawili wawili huketi katika kiti cha wawili wakapokezana hata karibu na mapambazuko, isipokuwa Atanatiya, ambayo husomwa na wanne kwa sauti kali. Sharti la pirit ndefu ni kwamba sauti isikatike: wawili wanaoingia huanza kabla wanaotoka hawajanyamaza. Katika ile ya siku saba, siku ya mwisho kijana aliyevikwa mavazi ya fahari hutumwa kwa maandamano kwenda kuialika miungu ije isikilize. Wasikilizaji wasiwe wanadamu peke yao; miungu nayo ni wanafunzi.

Alfajiri pirit kuu tatu husomwa tena. Maji hunyunyizwa, kila mtu akanywa kidogo. Uzi hukatwa vipande, na mtawa humfunga kila mmoja mkononi. Utaona watu njiani wiki nyingi baadaye wangali wameuvaa, hata umekuwa mweusi.

V. Habari za wafalme

Katika tarehe ya kisiwa hicho iitwayo Culavamsa, yaani mwendelezo wa kitabu cha Mahavamsa, imeandikwa ya kuwa zamani za Mfalme Upatissa, katika karne ya nne, nchi iliingiwa na njaa na maradhi. Mfalme aliwauliza watawa kama Buddha hakuacha njia ya kuondoa msiba. Wakamweleza habari za Vesali. Akatengeneza sanamu ya Buddha ya dhahabu, akaweka mikononi mwake bakuli lenye maji, akaipandisha garini. Naye mwenyewe akashika maagizo ya uadilifu, akawahimiza watu wayashike, na kuwapa maskini sadaka. Usiku kucha watawa waliuzunguka mji wakisoma Ratana Sutta na kunyunyiza maji. Kulipokucha, chasema kitabu, mvua ikanyesha.

Twaona mfalme hakuanza kwa uzi wala kwa maji. Alianza kwa kuwashibisha wenye njaa na kuyatengeneza maisha yake. Mfalme Sena wa Pili, aliyetawala katika karne ya tisa, naye aliandikisha Ratana Sutta juu ya bamba la dhahabu. Na tauni ilipokuja, alitembeza sanamu ya Ananda mjini huku watawa wakisoma.

Lakini tarehe zasema pia habari za upande wa pili. Mwaka 1820 kipindupindu kiliingia Bangkok, mji mkuu wa Siam, nchi iitwayo leo Thailand. Mfalme Rama wa Pili aliamuru Atanatiya isomwe, na mizinga ipigwe usiku kucha kuwafukuza pepo. Hata hivyo watu walikufa kwa maelfu. Mvua ya Upatissa na maiti za Bangkok zote zimo katika historia ya maneno haya, na mwenye kuandika moja akaacha nyingine hasemi kweli.

VI. Swali la Mfalme Milinda

Shida hii ilikwisha kuulizwa zamani sana. Menander, mfalme wa Kiyunani aliyetawala kaskazini-magharibi ya India katika karne ya pili kabla ya Kristo, amehifadhiwa katika kitabu cha Kipali kwa jina la Milinda, akijadiliana na mtawa Nagasena. Siku moja mfalme aliuliza hivi: Buddha alisema ya kuwa hakuna mahali, mbinguni wala baharini wala pangoni mwa mlima, ambapo mtu aweza kujificha mauti yasimpate, tena akafundisha maneno ya kinga. Kama mauti hayakwepeki, kinga ni ya nini? Na kama kinga inafaa, lile neno la kwanza si uongo?

Nagasena hakuficha lo lote. Alijibu ya kuwa kinga ni kwa mtu ambaye bado ana maisha yaliyobaki; aliyekwisha kufika mwisho wake hana kinga wala dawa. Mti uliokauka kabisa, hata ukiumwagia mitungi elfu ya maji, hauchipui. Mfalme akasema, basi haifai kitu. Nagasena akamwuliza kama hajaona dawa ikiponya watu. Dawa huponya, ingawa watu wote hufa mwishoni. Kisha akataja mambo matatu yanayozuia kinga: matendo mabaya ya zamani ya mtu mwenyewe, uchafu wa moyo wake wa sasa, na kukosa imani. Chakula hulinda uhai wa watu wote, lakini mlafi huuawa nacho; si kosa la chakula.

Mtu aweza kusema ya kuwa jibu hili ni rahisi mno, kwa kuwa kinga ikifaulu husifiwa, na ikishindwa hulaumiwa mgonjwa. Nasi twakiri ya kuwa hatari hiyo imo: mama aliyefiwa na mtoto asiambiwe kwamba ni kwa sababu ya moyo wake mchafu. Lakini tuone pia Nagasena alichokataa. Hakusema ya kuwa sauti ya Kipali ina nguvu yenyewe, hata akiisoma kasuku. Aliifunga nguvu ya neno katika maisha ya mwenye kulisikia. Na walimu wa Burma wamelifunga upande wa msomaji vilevile: asome pasipo kuacha neno, ajue maana ya asomayo, na moyo wake uwatakie mema wasikilizaji.

VII. Siku za karibu

Wamishenari wa Kiwesley walikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuyachungua maneno haya kwa bidii. Daniel John Gogerly, aliyefika Seiloni mwaka 1818 kusimamia mtambo wa kuchapa wa misheni, alijifunza Kipali, akafasiri sehemu za vitabu vyake. Mwenzake Robert Spence Hardy alieleza habari za pirit katika kitabu chake juu ya watawa wa Mashariki, kilichotoka mwaka 1850. Hawakuikubali desturi yenyewe. Lakini waliona ya kuwa mtu hawezi kujadiliana na jambo asilolisoma, na kazi yao imewafaa wanachuoni waliowafuata.

Siku hizi pirit husikika redioni asubuhi, na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, Ratana Sutta ilisomwa tena katika mahekalu ya kisiwa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu tangu mwaka 1983 hata 2009, watawa waliwasomea askari pirit na kuwafunga uzi kabla hawajakwenda vitani. Hapa ndipo swali letu la mwanzo linapokuwa zito. Maneno ya mama na mwana wa pekee, yaliyo ya kuvitakia salama viumbe vyote, yalifungwa katika mkono ulioshika bunduki. Mzazi wa askari yule alitaka mwanawe arudi, na nani atamlaumu? Lakini aliyekuwa mbele ya bunduki alikuwa naye ni mwana wa mtu. Kinga iliyoanza kwa kutomchukia nyoka haiwezi kumtenga mwanadamu pasipo kupoteza maana yake. Uzi ulibaki uleule, na maneno yaleyale. Kilichobaki kuulizwa ni kama yalisikiwa.

VIII. Mwisho

Basi tukirudia swali letu, neno hufaa kwa kutamkwa, kwa kufahamiwa, au kwa kutendwa, twaona desturi ya pirit imeyaweka yote matatu katika uzi mmoja. Hutamkwa kwa uangalifu hata sauti isikatike usiku kucha. Hufahamiwa, ingawa Kipali si lugha ya nyumbani ya mtu ye yote, kwa sababu hadithi za kwale, na tausi, na Angulimala husimuliwa watoto katika lugha yao wenyewe. Na ndani ya maneno mna agizo la kutenda: watunze wazazi, sema kweli, usimchukie hata akuumaye. Mahali ambapo moja ya hayo matatu imeachwa, ndipo neno lilipogeuka kuwa hirizi tu, na waliolilaumu wakapata haki ya kulilaumu.

Tulisema ya kuwa kukinga kuna maana mbili. Anayetaka kukinga mvua isimlowe hujifunika. Anayetaka kukinga maji ya kunywa hufunua chombo chake akakiweka chini ya paa. Wazee waliozipanga kinga hizi walizijua kazi zote mbili, ndiyo maana waliweka mtungi wazi katikati ya kibanda. Sisi walimu tukiwakaririsha watoto maneno mema, tuangalie vyombo vyao vimeelekezwa wapi.